Vanishi ya mlango wa Mkomani

Simu ilipolia nilidhani naitiwa kitasa. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, alisema tu: "Mwanangu, mlango umetoka ukurutu. Ndoo uutazame." Ilikuwa wiki ya pili ya Januari 2025, kaskazi imeshika, na nyumba yenyewe iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, uchochoro wa pili kutoka mbele ya bahari. Nilipofika sikupata neno bora kuliko lake. Sehemu ya chini vanishi ilikuwa imevimba vipele, katikati imepasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka, na juu, kwenye kivuli cha daka, yaani kibaraza cha kuingilia nyumba, ilikuwa ingali inang'aa kama kikombe kipya.

Tangu hapo mafundi wenzangu wananiuliza swali moja: "Mlitumia dawa gani kuitoa?" Jibu la neno moja sina, ndiyo maana nakiandika kisa chote.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, gorofa mbili, ya zile zilizomo ndani ya mji wa kale ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Vitu vya mti tulivyotakiwa kuvishughulikia vilikuwa vya namna tatu. Kwanza mlango wa daka, wa bambakofi, mbawa mbili na mfaa katikati, wenye nakshi kwenye mfaa, miimo na kizingiti cha juu. Pili banda la makuti kule juu darini, linalosimama kwa nguzo nane za boriti, yaani mikoko mizima iliyomenywa magome. Tatu madirisha mawili ya kijani yanayotazama uchochoroni. Miaka mitano nyuma, nyumba ilipokuwa ikikodishwa kwa wageni, aliyekuwa akiitunza aliamuru kila kitu cha mti kipakwe vanishi ya kung'aa, poliyurethini ile ya samani za ndani. Madirisha yaliponea kwa kuwa yalikuwa na rangi tayari.

Bi Mkubwa alitaka vanishi yote itoke, mti urudie rangi yake, na kazi iishe kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule iliangukia mwanzo wa Machi. Wajukuu wa Mombasa walikuwa waje kufuturu. Tulikuwa na wiki sita na kitu.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua kwa nini vanishi imekufa, maana ukiitoa bila kujua kilichoiua, utaipaka nyingine ife vile vile. Vanishi angavu ina aibu yake ambayo haisemwi dukani: inapitisha mwanga. Miale ya jua huvuka utando, hufika kwenye uso wa mti na kuivunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Utando unaweza kuwa mzima kabisa juu, lakini ngozi ya mti uliyoishika imekuwa vumbi. Maji nayo yakipenya kwenye kichwa cha ubao au kando ya msumari, huingia nyuma ya utando na hayana mlango wa kutokea. Halafu mti wa pwani hautulii. Huvimba masika na kusinyaa kaskazi, na vanishi ya ndani ni ngumu, haiwezi kuufuata. Ami, mchonga nakshi mzee wa Langoni niliyemwomba aje anisaidie, aliyasema hayo yote kwa kifupi: "Yua la Lamu lapita kwenye kioo, litashindwa na vanishi?"

Kisha akaja mpwa wa Bi Mkubwa. Hakuja mwenyewe, alikuja kwa simu kutoka Colorado, Marekani, anakoishi. "Bwana fundi, huku mtu habandui kwa mkono," akaniambia, akanitumia video. Nyumba kubwa ya magogo ya msonobari, mtu amevaa kofia ya kufunika uso, ameshika bomba, na kompresa inasukuma magunzi ya mahindi yaliyosagwa kwa kishindo. Kila bomba linapopita, weusi wa zamani unaondoka na msonobari wa manjano unachomoza kama ndizi iliyomenywa. Mpwa alikuwa tayari kulipa.

Sikulicheka wazo lake, na msomaji asilicheke. Nyumba za magogo zina kuta ndefu zenye mgongo wa duara. Dawa ya maji huteremka kabla haijafanya kazi, na msasa wa mkono utakula miezi. Gunzi ni laini kuliko mchanga, kwa hiyo linafaa mti mwororo. Wengine hutumia glasi iliyopondwa, wengine magadi ya kuokea, ingawa magadi huacha ukali unaolazimu kusuuzwa vizuri. Baada ya kupuliziwa, gogo huota manyoya, na ni lazima lipitiwe kwa burashi ya nailoni au msasa namba 60 hadi 80 ndipo lipakwe upya. Wanaokosea huongeza nguvu ya hewa: sehemu laini ya mti, ile inayoota majira ya kuchipua, inaliwa, na sehemu ngumu inabaki imesimama. Ukuta unakuwa matuta kama shamba la viazi.

Kwetu kulikuwa na vikwazo, na cha kwanza ni cha kuchekesha kidogo. Kompresa ya nguvu hiyo ingevushwa kwa boti kutoka Mokowe, na ikishafika gatini inamngoja punda. Uchochoro wa Bi Mkubwa ni ule ambao punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Lakini hata kama ingefika, gunzi halijui ipi vanishi na upi ukingo wa nakshi. Nakshi ni kingo. Ukiziviringa kingo kwa milimita moja, kazi ya mtu aliyekwisha kufa miaka mingi inakuwa sura iliyooshwa. Nilimweleza hivyo, naye akakubali kwa adabu: "Basi shangazi, mwachieni fundi." Ila aliniachia sharti moja aliloletewa na mafundi wa kule: usipake chochote mpaka unyevu wa mti ushuke chini ya asilimia 15. Sharti hilo lilikuja kunisumbua baadaye.

Siku ya kwanza ya kazi hatukubandua kitu. Tulichukua pamba, spiriti na tina. Spiriti huyeyusha vanishi ya lakiri, ile ya kizamani. Tina huyeyusha vanishi za kupuliza za karakana. Visipofanya kitu vyote viwili, au vikiukunja tu utando bila kuuyeyusha, mara nyingi ni poliyurethini. Kwenye mbawa pamba ilirudi safi. Poliyurethini, kama tulivyodhani. Lakini nyuma ya mfaa, mahali ambapo burashi ya miaka mitano nyuma haikufika vizuri, spiriti ilirudisha wekundu wa chai. Chini ya vanishi mpya kulikuwa na lakiri ya zamani. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari bila kulipa uzito uliostahili.

Jirani mmoja, fundi pia, alipita akatupa ushauri wa bure: kostiki soda. Ni rahisi, inapatikana kwa watengeneza sabuni, na inakula vanishi kweli kweli. Tuliijaribu kwenye kipande cha bambakofi cha zamani nilichokuwa nacho, kilichopakwa vanishi kama ile. Nusu saa, utando ukawa uji. Mti nao ukawa mweusi kama kahawa ya mkebe. Bambakofi ina tanini nyingi, ule ukakasi wa asili ulio ndani ya mti, na tanini ikikutana na kitu kikali cha namna hiyo inabadilika rangi. Tena nyuzi zilisimama kama nywele za paka aliyeogopa. Siki ilirudisha weusi nyuma kidogo, haikuufuta. Kwenye ubao mtupu ningeweza kuvumilia, kwa sababu ubao mtupu unasuuzika. Mifereji ya nakshi haisuuziki. Chumvi za kostiki zinabaki mle chini, na miezi ikipita zinatoka nje kama unga mweupe na kuinyanyua rangi mpya. Kostiki tukaiaga.

Dukani Mombasa kulikuwa na kopo la dawa ya kutoa rangi, ile ya haraka, dakika kumi na umemaliza. Niligeuza kopo nikasoma nyuma: diklorometheni. Kijana wangu wa kazi, mwenye haraka kama vijana wote, alifurahi. Mimi nilifikiria umbo la daka. Daka lina kuta pande tatu na baraza mbili za mawe, mtu akikaa pale kuzungumza upepo humfikia kwa nadra. Mvuke wa diklorometheni ni mzito kuliko hewa. Unateremka na kukaa pale pale anapopiga magoti fundi. Dawa yenyewe huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo katika joto la Lamu inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Na ukiivuta, mwili hugeuza sehemu yake kuwa monoksidi ya kaboni, ile ile ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Marekani mwaka 2019 walizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida kama dawa ya kutoa rangi, baada ya vifo. Nilirudisha kopo kwenye rafu.

Tulichochukua badala yake ni jeli ya taratibu yenye alkoholi ya benzili. Haina papara. Inapakwa nene kama siagi ya karanga, inafunikwa isikauke, inaachwa usiku kucha. Kufunika ndiko kulikotushughulisha: mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na sikuwa na akiba, tukaishia kukata nailoni lililovishwa godoro jipya la Bi Mkubwa, kwa ruhusa yake ingawa si kwa furaha yake.

Kiraka cha majaribio tulikiweka kwenye kizingiti cha juu, pembeni, ukubwa wa kiganja. Asubuhi nikafunua. Poliyurethini ilikuwa imekunjamana, ikatoka kwa kijiti cha mkoko kama ngozi ya maziwa. Nikafuta kwa pamba.

Pamba ikatoka nyekundu.

Haukuwa ule wekundu wa chai wa lakiri. Ulikuwa wekundu wa udongo, mzito, na pembeni yake chembe nyeupe. Ami alivua miwani, akaisogeza pamba karibu na macho, akasema, "Simamisha." Kwenye kizingiti kulikuwa na maua madogo yaliyochongwa, na ndani ya mifereji yake kulikuwa na mabaki ya rangi. Ni mtindo unaojulikana visiwani, hasa kwa milango ya Siyu: nakshi za kukata zinajazwa nyekundu, nyeusi na nyeupe ya chokaa. Hakuna aliyejua kwamba mlango ule ulikuwa nazo. Lakiri ya kizamani ilikuwa imezifunika, vanishi mpya ikafunika lakiri, na kwa miaka yote hiyo vanishi mbaya ndiyo iliyokuwa mlinzi.

Hapa kisa kilibadilika. Mpaka siku ile nilikuwa natafuta njia ya kutoa kila kitu. Sasa nilihitaji njia ambayo ningeweza kuisimamisha mahali ninapotaka. Magunzi hayasimami. Kostiki haisimami. Hata jeli, ikiachwa usiku kucha, inapita poliyurethini na kuingia kwenye lakiri, na ndicho kilichotokea kwenye kiraka changu. Nakubali kwamba sehemu ya maua mawili niliipoteza mimi, kwa dawa niliyoichagua kwa hekima zangu zote. Ile alama niliyoiandika kwenye daftari siku ya kwanza ingenizuia kama ningeisoma tena.

Tulimwita mtaalamu wa mambo ya kale aje atazame, maana mlango wa namna ile uko chini ya sheria ya urithi ya mwaka 2006 na si wa kufanyiwa utakavyo. Alitutaka tupige picha kila hatua, tuache kiraka kimoja bila kuguswa, na mahali penye rangi tusishuke chini ya lakiri. Ndivyo tulivyofanya. Kwenye kizingiti na miimo, jeli ilipakwa kwa burashi ndogo ya kuchorea, ikaachwa dakika 40 badala ya usiku mzima, utando ukalegea tu bila kuyeyuka, kisha Ami akautoa kwa vijiti vya mkoko alivyovichonga ncha kama za kalamu za mwanzi. Kazi ya kiganja kimoja ilichukua karibu saa mbili. Aliimba kaswida kwa sauti ya chini wakati wote, na mtu aliyepita nje angedhani ndani kuna mtu anaponda karafuu.

Mbawa, ambazo ni mbao tupu, zilikwenda haraka. Jeli usiku, skrepa asubuhi. Mahali skrepa ilipokwama tulitumia kigae cha glasi, chombo cha maseremala wa zamani ambacho hakishindwi na kitu cha dukani: ukivunja kioo vizuri, ukingo wake unakwangua unyoya mwembamba usiojeruhi mti. Msasa tulisimama kwenye namba 80. Vijana wanapenda kufika 220 kwa sababu mbao inakuwa kama hariri, lakini mbao ya hariri nje ya nyumba ni kosa. Vinyweleo vinafungwa, mafuta hayaingii. (Ami ana majani makavu ya mti wenyewe wa msasa, ulioipa karatasi hii jina lake. Alinionyesha. Yanakwangua kweli.)

Katikati ya mbawa hizo ndipo tulipopata msiba wetu wa pili. Niliondoka kwenda Shela siku moja. Kijana, akitaka kunifurahisha, alimalizia ubawa wa kushoto kwa waya wa kusugulia sufuria. Jioni ulipendeza. Usiku umande wa bahari ukaingia, na asubuhi ubawa ulikuwa na vitone vyeusi mia na zaidi, kama inzi waliolala usiku kucha. Bi Mkubwa alinipokea mlangoni amefunga mikono.

Waya ule ni chuma. Unakatika vipande vidogo visivyoonekana, vinajificha kwenye nyuzi za mti, vikipata unyevu vinaota kutu, na kutu ikikutana na tanini inatengeneza weusi. Wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo, chuma na tanini, kwa hiyo msifikiri unafutika kwa maji. Ndiyo sababu mti wa tanini husuguliwa kwa burashi ya shaba, na nilikuwa nimemnunulia kijana burashi hiyo. Ilikuwa ndani ya mfuko wangu, Shela.

Ami hakulaumu mtu. Aliagiza ndimu. Ukali wa ndimu hukamata chuma, na vitone vidogo vilififia mbele ya macho yetu. Vikubwa havikusikia. Kwa hivyo tuliagiza asidi ya oksaliki kutoka Mombasa, ikaja na basi siku ya tatu, nikakoroga gramu 30 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, tukavaa glovu na miwani kwa sababu ni sumu, tukapaka, tukangoja, tukasuuza mara tatu. Weusi ulikwenda. Kijana alipofurahi na kuinua burashi kuelekea kizingiti nilimshika mkono. Nyeupe ile ya nakshi ni chokaa, na chokaa ikiguswa na asidi inachemka na kwisha. Ndimu yenyewe ingeila.

Darini kazi ilikuwa ya namna nyingine kabisa, na hapo nilimkumbuka mpwa kila siku, kwa sababu nguzo za boriti ni magogo ya kweli: mviringo, yenye nyufa ndefu, yamesimama juani. Upande wa jua ulikuwa umeshajibandua wenyewe. Mti umegeuka kijivu, utando umebaki magamba. Upande wa kivuli vanishi ilishika kama chapa. Kijana aliniuliza kwa nini tusitumie bunduki ya joto. Utando wa poliyurethini hupenda joto, unanyanyuka kama utepe. Nikamwonyesha makuti juu ya kichwa chake. Hakuuliza tena.

Mashine ya kuosha kwa presha nayo nilikopeshwa na mwenye nyumba ya wageni Shela. Niliitumia kwenye nguzo moja nikaacha. Presha inafumua nyuzi na kuyasukuma maji ndani ya nyufa, hayo ni ya kila mahali. Ya kwetu ni kwamba dari ni ya chokaa, na chini yake kuna chumba cha kulala. Isitoshe maji ya kisima cha nyumba yana chumvi chumvi. Ukiosha mti kwa maji hayo unauachia kitu cha kuvuta unyevu milele. Maji matamu ya Lamu yanatoka visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na sikuona sababu ya kuyamwaga juu ya dari kwa ajili ya vanishi. Nguzo saba zilizobaki zilikwanguliwa kwa mkono, kwa kipande cha msumeno wa zamani tulichokikata mbonyeo ulingane na mgongo wa boriti, kisha msasa namba 60, halafu 80, daima kufuata urefu wa nyuzi. Wanaume wawili, siku sita. Ndani ya nyufa tulifagia kwa burashi ya shaba na kuacha. Ufa uliotazama juu ulikuwa umejaa maji ya miaka chini ya vanishi, na nguzo ya tatu mguu wake ulikuwa umeoza kiasi cha kuingiza kisu. Tuliifungia kiraka cha mti. Si dawa ya kudumu.

Madirisha sitayasimulia sana. Rangi ya kijani ilikuwa ya zamani, nikaipima kwa kijiti cha kupimia madini ya risasi, kikageuka chekundu. Rangi yenye risasi haipigwi msasa mkavu wala moto, basi. Uchochoro ule una watoto wa chuo, yaani madrasa, wanaopita mara mbili kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Rangi ilikuwa imeshika vizuri. Tulikwangua magamba machache yakiwa yamelowa maji, tukayakusanya kwenye turubali, tukapaka mpya juu. Bi Mkubwa alilalamika kwamba alitaka mti uonekane. Hapo sikumsikiliza.

Likaja suala la asilimia 15. Siku moja baada ya ule uoshaji wangu wa presha, kipima unyevu kilionyesha 22 kwenye nguzo ile. Baada ya siku tisa za kaskazi kavu ilikuwa 16. Nikangoja siku nne zaidi: 16. Mpwa alipiga simu, "Bado haijafika?" Haikuwa itafika. Mti hubadilishana unyevu na hewa mpaka zipatane, na hewa ya ufukweni penye unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80 humwachia mti kati ya 14 na 16, hata ungengoja mpaka Idi. Colorado ni nchi kavu ya milimani. Kule 15 ni namba ya kawaida, kwetu ni bahati. Nilichoangalia ni kama namba imeacha kushuka, na kama tone la maji juu ya mti linanyweka badala ya kukaa kama shanga. Lilinyweka. Tukapaka.

Nguzo zilipata mafuta ya nje yenye rangi ya udongo ndani yake, mikono miwili myembamba, bila utando. Rangi ndiyo inayozuia jua. Mafuta angavu yangeturudisha tulikotoka. Mlango, kwa kuwa uko kivulini, ulipata mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yamezimuliwa kwa tapentaini, kwenye mbawa tu, tukafuta ziada baada ya robo saa. Mafuta ya kitani yakibaki mengi yanalisha ukungu, na hewa ya Lamu haihitaji kuhimizwa. Kizingiti hakikupakwa kitu. Matambara tuliyafanyia adabu yake: mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baadaye. Yaliingia kwenye debe la maji yakashinda humo.

Tulimaliza siku nne kabla ya mwezi kuandama.

Nilirudi Agosti, masika imeshapita, kusi inavuma mpaka kanzu zinapepea. Mbawa zilikuwa zimefifia kidogo chini, mahali punda wanapojikwaruza wakipita, na palihitaji mkono mmoja wa mafuta. Bi Mkubwa alikuwa ameshaupaka mwenyewe, mwingi mno, ukinata. Nguzo saba zilikuwa nzima. Ile niliyoiosha kwa presha ilikuwa imeota manyoya na kuvu ya kijivu upande mmoja, kwa hiyo bado nina deni la siku mbili darini, pamoja na ule mguu wa nguzo ya tatu.

Kizingitini, kiraka tulichokiacha bila kuguswa kiko pale pale kinang'aa kama kikombe, na pembeni yake maua mekundu. Mpwa alikuwa amekuja kwa likizo. Alisimama ametazama juu muda mrefu, kisha akamuuliza shangazi yake kwa nini fundi aliacha kona ile bila kuimaliza.